Siku Nasima Alipomtunza Lela

Ukimtaka Nasima wa Majengo, fuata harusi. Miaka ishirini tunaishi ukuta kwa ukuta, mimi Mkamba wa kwaya, yeye mtu wa taarabu, na sijaona anayejua kutunza waimbaji kama yeye. Ubeti ukimgusa anainuka, anakwenda mbele akijitikisa polepole, anamvika mwimbaji leso mabegani. Usipomgusa hainuki, hata mwimbaji awe dada yake.

Kwa hivyo mwaka wa tisini na saba, binti yake Lela aliposema anasomea muziki wa kompyuta, Nasima alimwambia mashine haiimbi. Lela akahamia kwa rafiki yake mtaani Donholm, miezi saba kimya. Kisha ikaja kadi: wanafunzi wataonyesha kazi zao kwenye ukumbi wa mtaa, Jumamosi mchana.

"Mama Mutie, nisipomtunza mbele za watu, mtoto huyu harudi," akaniambia. Akakunja leso mpya, tukaenda.

Sasa sikiliza maajabu. Lela alikaa nyuma ya meza, uso umefichwa na kompyuta. Spika zikaanza kuvuma kama friji bovu. Yakaja matone ya maji, kisha kitu kama sufuria inayoburutwa sakafuni. Neno hata moja hakuna.

"Huu ni ubeti, au wanajaribu spika?" Nasima akaninong'oneza.

"Unaniuliza mimi?"

Jasho lilikuwa linamtoka. Mara mbili alitaka kuinuka, akakaa. Hakujua pa kuguswa ni wapi. Watu wengine walikunja mikono wakitazama mbele, nami nikawakasirikia, maana hata wao hawakuelewa kitu, walijifanya tu.

Ghafla kimya. Nasima akainuka. Nikamvuta buibui, wapi. Alipita katikati ya ukumbi peke yake, bila ngoma ya kumsindikiza, akitikisa mabega kama yuko harusini, akamvika mwanawe leso. Mtu akacheka huko nyuma.

"Mama," Lela akasema, "haijaisha."

"Haijaisha?"

"Huo ukimya nao ni wimbo."

Nasima akaitazama kompyuta, akazitazama spika, akanitazama mimi. Niliona aibu kwa niaba yake.

"Sijaelewa kitu, mwanangu," akasema. "Basi wewe piga. Mimi nitasimama hapa."

Matone yakaanza tena. Alisimama, mkono begani mwa Lela, na mwisho wenyewe hakuujua mpaka binti yake alipoinuka, akajitanda ile leso vizuri, akauliza nyumbani kumepikwa nini.