Nyasi za Baba na Maji ya Kukhu Rasoa

Kisima chetu kilikuwa na sauti yake. Miezi ya mvua ukiachia ndoo ilitumbukia na kusema tubwi, sauti nene ya kitu kilichoshiba, kisha kamba ikakaza mkononi. Januari ile ndoo ilianza kusema kwa! kama mtu aliyegongwa kisogoni. Ilikuwa imegusa jiwe. Mama alisimama nyuma yangu, mikono imejaa unga, akaniambia niiachie tena. Nikaiachia. Kwa! Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja mwenye ugonjwa wa kuhesabu kila kitu mara mbili, kwa hiyo nikahesabu mafundo ya kamba yaliyosalia, nikayarudia, nikitumaini hesabu ya pili itakuwa na huruma kidogo. Haikuwa nayo. Ndoo ilipanda na maji ya rangi ya chai ya maziwa, na kutoka shimoni ikapanda harufu ya matope yaliyooza, harufu ambayo mpaka siku ile sikujua kwamba ilikuwa ikiishi chini ya nyumba yetu.

Kiangazi peke yake tungekivumilia. Kilichotumaliza ni nyasi. Tuliishi Lurambi, karibu na mji wa Kakamega kiasi cha Baba kutembea kwa miguu hadi ofisini, na mbali na mji kiasi cha maji ya mfereji kutufikia yanapojisikia. Baba alikuwa karani wa serikali, na dirisha la ofisi yake lilitazama nyumba za wakubwa, zile zenye uwanja wa kijani uliokatwa kama kichwa cha mwanafunzi siku ya kufungua shule. Dada yangu Ayuma, kifungua mimba, alipopata mchumba kutoka upande wa Mumias, na wazee wa huko wakatuma habari kwamba watakuja kuzungumza mahari Jumamosi ya mwisho ya Februari, Baba hakuuliza watakula nini. Alisimama mlangoni akautazama uwanja wetu wa udongo mwekundu, ambao Mama aliufagia kila asubuhi mpaka ukalainika kama sakafu, akasema, "Wageni hawawezi kukaa kwa vumbi." Krismasi hiyo watoto wa jirani walivaa nguo mpya. Sisi tulipanda nyasi, tumepiga magoti kwenye mistari, Baba akitupimia kwa kamba ili zisiote kombo.

Kabla hamjamcheka, kumbukeni hapa ni Kakamega. Kwetu mvua huja alasiri kama mtu anayerudi kutoka kazini. Ikichelewa, watu huulizana kama iko salama. Hata mwiko ukiuchomeka ardhini ni lazima uung'oe mapema kabla haujatoa majani. Ndiyo maana hatukuwa na tangi. Tulikuwa na gata moja la kukinga maji ya paa upande wa jikoni na pipa moja chini yake, na hilo pipa lilikuwa likifurika hadi kelele zake hatukuzisikia tena. Mtu wa kwetu kuweka akiba ya maji ilikuwa sawa na kuweka akiba ya hewa. Nyasi zikapandwa, na kana kwamba ilikuwa ikingoja tu tumalize, mvua ikaondoka.

Baba alitoboa matundu chini ya mkebe wa mafuta ya kupikia, na huo ukawa kinyunyizio chake. Alinyunyiza asubuhi kabla ya kufunga tai, akanyunyiza tena akirudi. Jumapili alinyunyiza adhuhuri, jua likiwa utosini, na maji yalikauka kabla hayajafika kwenye mizizi; Mama alitazama kutoka jikoni kama anayemwona mtu akimwaga uji wa mtoto mchanga. Yeye jikoni mwake alikuwa na sheria: maji hayaruhusiwi kutoka nyumbani kabla ya kufanya kazi tatu. Yaliyoosha mboga yaliosha sufuria, yaliyosuuza nguo yalipiga deki, na yaliyopiga deki yalikwenda chooni. Mimi na Ayuma tulioga karai moja, uso kwanza, miguu mwisho, na hapo bado karai lilikuwa na safari mbele yake.

"Baba Ayuma," Mama alisema siku moja, "hizi nyasi zinaoga kuniliko."

"Vumilia. Mvua inakuja."

"Imekuambia?"

Baba alijaza mkebe wake. Kuanzia siku hiyo waliongea kupitia sisi watoto, na ndoo ilipogonga jiwe, kila mmoja aliisikia akiwa upande wake wa nyumba.

Mfereji ulikuwa umeacha kujisikia kabisa, ikabaki chemchemi. Ilikuwa chini ya mteremko, kwenye shamba la Kukhu Rasoa. Kukhu ni bibi kwa lugha yetu, na yeye alikuwa kukhu wa kila mtu, apende asipende. Maji yalitoka kwenye bomba fupi lililojengewa simenti, na masharti yalikuwa mepesi: panga laini, usioshee nguo pale, usisukume mwenzako. Mimi laini ile niliipenda. Ilikuwa soko langu. Nilimuuzia mtu nafasi yangu kwa ahadi ya kunitwisha mtungi, nikanunua nyingine kwa umbea, na mara nyingi nilifika nyumbani mapema kuliko walionitangulia. Mitungi yangu niliitua jikoni. Ilikokwenda kutoka hapo ilikuwa vita ya wakubwa. Nusu yake ilikwenda kwenye mkebe wenye matundu.

Jumapili moja Kukhu Rasoa, akitoka kanisani, alipita njia ya kwetu. Mtaa mzima ulikuwa rangi ya mkate. Kwetu tu kulikuwa kijani kama joho la kwaya. Alisimama kwenye ua akatazama kwa muda mrefu, Biblia kwapani, kisha akaenda bila hata kubisha hodi. Kesho yake nilipofika kwenye chemchemi yake nilimkuta amekaa kwenye jiwe kando ya bomba, fimbo magotini, na laini yote imenigeukia.

"Wewe mtoto wa karani. Hii maji unapelekanga wapi?"

"Nyumbani, Kukhu."

"Nyumbani kwa nani? Kwa mama yako ama kwa nyasi?"

Wanawake wakaangua kicheko, mmoja akapiga makofi. Kukhu hakucheka. "Maji ya kunywa sijawahi nyima mtu. Hata mwizi akikuja na kiu nitampa, halafu ndio nipige nduru. Lakini chemchemi yangu hainyweshangi nyasi."

Nikajaribu kazi yangu. Niliomba mitungi mitano, nikashuka hadi mitatu, nikashuka hadi mmoja na nusu, nikasema nitaukalia mwenyewe jikoni usimwagwe. Nikataja Ayuma na wageni wa Jumamosi. Aliponitazama nilijua sina bidhaa yoyote anayoitaka.

"Hapa si soko, mjukuu. Rudi umwambie baba yako akuje mwenyewe. Apange laini, achote, abebe. Akifika juu na huo mgongo wake, atajua pa kumwaga."

Asiye wa kwetu huenda asione uzito wa maneno hayo. Mwanaume aliyeonekana na mtungi wa maji Lurambi alikuwa ama anauza maji kwa baiskeli, ama mkewe amejifungua jana. Karani mwenye tai hakuwa katika orodha hiyo. Nilifikisha ujumbe kama ulivyo, nikiwa nimesimama karibu na mlango. Baba alicheka kidogo kupitia puani. "Mimi? Laini na akina mama?" Akatoka nje kuangalia mbingu. Upande wa msitu, kule Buyangu, mawingu yalikuwa yamejaa, meusi, yamebeba kila kitu tulichohitaji. Yakaning'inia hapo hadi jioni, kisha yakajiondokea polepole na maji yao.

Wiki hiyo sitaki kuirudia. Mama alizunguka kwa majirani na birika, kwa sababu mtungi mzima ni aibu kuomba, na majirani walitoa walichoweza, ambacho kilikuwa kidogo kama walichokuwa nacho. Kufikia Alhamisi jikoni kulikuwa na mitungi mitatu. Nilihesabu, na ukishakuwa na mitatu hata ukirudia haiwi minne. Wageni walitarajiwa thelathini. Kuna chai yao, kuna obusuma, yaani ugali wetu, na ingokho, kuku wa kienyeji, vya kupikwa, kuna kunawa kabla na kunawa baada, na kuna wazee watakaotoka mbali na vumbi shingoni. Wakwe wanaweza kusamehe nyama ngumu. Nyumba iliyowanyima maji ya kunawa huisimulia mpaka kwa wajukuu, na anayesimuliwa si karani, ni binti aliyetoka humo. Ayuma alilijua hilo kuliko sote. Alikuwa amekonda, na ile kanga mpya aliyoandaliwa hakuigusa. Jioni ile Baba alikuwa anapitisha mkebe wake juu ya nyasi, maji yale machafu ya kisima, na Ayuma akaenda akasimama mbele yake.

"Baba, Jumamosi watanawa na nini?"

Mkono wa Baba uliendelea kuyumba huku na huku mpaka mkebe ukaisha, kana kwamba haukuwa na habari na masikio. Kisha akauweka chini.

Ijumaa alfajiri nilisikia mlango. Baba alikuwa ameshika mitungi miwili, amevaa suruali yake ya ofisini kwa sababu hakuwa na nyingine iliyofaa kuonekana na watu. Nilimfuata kwa mbali kiasi cha kuweza kumkana. Laini ilipomwona ilikatika maneno, halafu ikayapata yote kwa mpigo. "Karibu, mama!" mmoja aliita. Mwingine akasema, "Dada, hapa tunaanzanga kwa kujua nani aliye mbele yako, usituvurugie." Kuna aliyemuuliza amejifungua mvulana au msichana. Baba alikaza macho kwenye kisogo cha mwanamke aliyemtangulia. Kukhu Rasoa alikuwa kwenye jiwe lake.

"Mulembe, karani."

"Mulembe muno, Kukhu."

Hakuna aliyemruhusu kuruka nafasi hata moja. Zamu yake ilipofika hakujua kwamba mtungi huinamishwa. Aliusimamisha wima chini ya bomba, maji yakamrukia, suruali ikalowa mahali ambapo mtu mzima hapendi suruali ilowe. Nilisubiri kicheko, kikaja, kikaisha. Kisha yule aliyemuita mama akainama, akauinamisha mtungi, akamwonyesha. Kwenye mteremko Baba alipumzika mara nyingi kuliko angependa niandike hapa.

Njia ya kwenda jikoni ilipita kando ya nyasi. Tangu Jumatatu zilikuwa zimeanza kugeuka rangi pembezoni. Baba alisimama hapo, jasho linamdondoka kidevuni, mitungi miwili inamvuta mabega, na Mama akatokea kwenye mlango wa jikoni. Ayuma alikuwa dirishani. Mimi nilikuwa nyuma yake. Baba alizitazama nyasi jinsi mtu anavyomtazama mtoto anayelilia peremende dukani, kisha akapita. Alitua mitungi miguuni mwa Mama, akachukua mitupu mingine, akashuka tena. Siku hiyo hakwenda ofisini. Kufikia saa kumi pipa la gata lilijaa kwa mara ya kwanza tangu Krismasi, na mvua haikuwa imechangia hata tone.

Wageni walikuja, na mbele yao akaja ng'ombe. Wazee wa Mumias walikuwa wamemtembeza kutoka alfajiri ili kuonyesha kwamba hawakuja na mdomo mtupu, na msemaji wao akasema kabla ya kuketi, "Watu tutangoja. Huyu anyweshwe kwanza." Mama aligeuza macho kwangu, maana alijua nimeshapiga hesabu, na hesabu yangu haikuwa na ng'ombe. Baba alijaza ndoo mwenyewe. Ng'ombe akaimaliza. Akajaza ya pili, ikaisha pia, na mwili wangu wote ulikuwa unashuka pamoja na maji yale pipani. Alipotosheka, ng'ombe aliinamisha kichwa akaanza kula nyasi za Baba, katikati kabisa, zile zilizokuwa bado kijani. Mjomba wangu mmoja aliruka kumfukuza. "Mwache," Baba akasema. Msemaji akaangua kicheko cha furaha: "Ameshika boma! Amepakubali, hata hajaambiwa!" Mazungumzo yaliyofuata yalikuwa mepesi kuliko yote niliyowahi kuyasikia baadaye.

Mimi nilipewa birika la kunawisha. Nilimimina uzi mwembamba, mkono baada ya mkono, nikipima kwa jicho waliobaki. Mzee mmoja alikaa na viganja vyake wazi.

"Mtoto, unanihesabia?"

"Hapana, kuka," nikamjibu, kama tunavyomwita babu. "Nawagawia."

Yakatosha. Yalibaki chini ya pipa kiasi cha kuosha vyombo, na vyombo vilipooshwa maji hayo yakapiga deki. Ayuma aliolewa. Mvua ilirudi Machi bila kuomba radhi, na nyasi, zilizoliwa, kukanyagwa na kukauka, zikachipua zenyewe. Hazikuwa zimekufa. Zilikuwa zimelala, na zingelala vivyo hivyo bila tone letu moja. Mama aliziangalia wiki nzima bila kusema lolote, na sijawahi kumwona akijizuia kwa nguvu hivyo.

Siku hizi naishi Lurambi hiyo hiyo, nyumba yenye matangi mawili na mita inayosonga hata nikilala. Kukhu Rasoa hayupo. Chemchemi yake imezungukwa na nyumba za kupanga, na bomba linatoa uzi. Jirani yangu ana mpira wa maji unaozunguka uwanjani saa sita mchana. Mimi nina nyasi pia, nilizikuta. Hunywa maji yaliyosuuza nguo, na Januari naziacha zilale. Wanangu huoga wima, maji yanawapita yakifanya kazi moja tu, na hakuna kati yao anayejua kwamba mtungi huinamishwa. Kama hayo ni maendeleo au la, bado nabishana na nafsi yangu kuhusu bei.

Baba amestaafu zamani. Kiangazi kikianza hunipigia simu, na hata kunisalimu hanisalimu.

"Maji yapo?"

"Yapo, Baba."

"Umeangalia ama unakisia?"

Basi natoka nje na simu mkononi, napanda ngazi, nafunua kifuniko cha tangi. Naye anangoja huko kwake mpaka nimwambie.