Wembe Unaojinoa Wenyewe

Mgeni akifika kwa Mzee Fulgensi, hapa Mchombe, alipewa mtihani kabla ya kupewa maji ya kunywa. Mzee aliingia ndani, akatoka na kisanduku cha chuma kinachong'aa, urefu wake kama kiganja, akakiweka mezani na kuuliza, "Hiki nini?" Kisha alikunja mikono, akatulia kama mtu aliyetega ndoana.

Wengi walifeli. Fundi baiskeli alisema ni kasha la sigara. Katekista mmoja mgeni alikishika kwa mikono miwili, akauliza kwa sauti ya chini kama ni cha kubebea komunyo za wagonjwa. Makoye, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake upande wa pili wa reli, alikinusa, akasema hapana shaka ni cha ugoro. Mzee aliwaacha wahangaike. Walipochoka aliwadai mji, kama watoto wanavyodaiana kwenye vitendawili, na hakukubali mji mdogo. Ukimpa Idete alikataa. Ukimpa Dar es Salaam alikohoa, akatoa jibu: "Ni wembe. Wembe unaojinoa wenyewe."

Hapo ndipo yalipoanza mafunzo. Kisanduku kilikuwa na mifuniko miwili, juu na chini. Mmoja umebandikwa jiwe la kunolea, mwingine ngozi ya kulainishia makali. Katikati umelala wembe wenyewe, si kijikaratasi cha dukani bali chuma kinene chenye mgongo. Unafungua mfuniko mmoja, unainua kishikio kilicholala pembeni, unakisukuma mbele na nyuma, na wembe unatembea juu ya jiwe na kujigeuza kila ukifika mwisho: kla-kla, kla-kla. Kisha unageuza kisanduku na kufanya vivyo hivyo kwenye ngozi. Ukimaliza unauchomoa, unaufunga kwenye mpini wake mdogo wenye meno kama kitana, ili usichune ngozi ya mtu, na unanyoa.

Mimi ni Serafina, jirani yake. Nyumba zetu zilitenganishwa na ua wa matete tu, na kwa miaka mingi sikuhitaji jogoo. Kulipokucha nilisikia kla-kla, nikajua mwenye wembe wa dunia ameamka.

Aliupata ujanani, kabla ya uhuru, alipokuwa mpishi wa Mzungu mpima ardhi aliyekuja kupima bonde hili. Mzungu alipoondoka, Fulgensi alitegemea kuachiwa baiskeli. Aliachiwa kisanduku. Mtu mwingine angenuna mpaka leo. Yeye aligeuza maneno, akasema baiskeli huzeeka, bali wembe unaojinoa haumwachi mtu. Tangu hapo hakununua wembe dukani, na aliyenunua mbele yake alimhurumia waziwazi, kama anavyohurumiwa mtu mwenye upele.

Kwa mengine alikuwa mkulima wa mpunga kama sisi, tena si hodari. Mlango wa jiko lake uliegemezwa gogo mwaka mzima. Jembe lake lilichomoka mpini kila masika. Lakini ukweli ni kwamba katika nyumba ile mambo mengi yalijifanya yenyewe. Maji yalijileta mtungini. Kuni zilijipasua. Ndege walijifukuza mpungani. Sasa mtu aliyezoea nyumba ya namna hiyo, ukimwambia kuna wembe unaojinoa, atakubishia kwa lipi?

Aliyekuwa akiyafanya hayo yote ni mke wake Digna, mwanamke mfupi mwenye kicheko kirefu. Wembe nao alikuwa akiunoa yeye.

Wanawake wote wa kisimani tulijua. Kila Jumamosi, mzee akiwa kwenye pombe, Digna alikuja na ndoo, akafungua pindo la khanga na kutoa kile chuma. Palikuwa na jiwe jeusi alilolitoa mtoni, alilonolea mundu za kuvunia. Alilitemea mate, akaupitisha wembe taratibu, akaugeuza, akaupitisha tena, akamalizia kwenye mkanda wa ngozi wa marehemu baba yake. Kisha alijaribu makali kwenye malaika ya mkono, akacheka, akateka maji na kwenda zake.

Maana lile jiwe la Mzungu lilikufa zamani. Fulgensi hakukumbuka alivyoambiwa kulitunza, akawa analipaka mafuta ya kupikia, likaganda na kuwa laini kama sahani. Ile kla-kla iliyotuamsha ilikuwa ni chuma kinasugua sahani.

Nilimuuliza siku moja, "Dada Digna, kwa nini usimwambie?"

"Nimwambie ili iweje? Mara ya kwanza wembe ulipomkwaruza alishinda na njaa kwa huzuni. Mwanaume akikosa cha kujisifia atabaki nyumbani kutwa anakusimamia. Mwache ajisifie wembe wake, mie nipumue."

Basi tukamwacha ajisifie. Ikawa vibaya zaidi yalipokuja maradhi ya Ukimwi na muuguzi akatumwa kijijini kufundisha kwamba kila mtu awe na wembe wake. Fulgensi alisimama mkutanoni, akainua kisanduku juu, akasema haya aliyafahamu kabla serikali haijayafahamu. Muuguzi wa watu, asijue anachokifanya, akaomba apigiwe makofi. Digna alipiga kuliko wote. Nilimwona, machozi ya kicheko yakimtoka.

Masika ya mwaka tisini na saba Digna aliugua. Ilianza kama homa, haikuondoka kama homa. Alipelekwa hospitali Ifakara, na Fulgensi akaenda naye. Hapo nitamsema kwa haki, maana nimemcheka vya kutosha: mzee yule hakubanduka kitandani kwa mkewe. Alijifunza kumlisha uji, jambo ambalo katika nyumba ile nalo lilikuwa linajifanya lenyewe. Aliapa hatanyoa mpaka Digna ainuke, akaweka kisanduku mfukoni mwa koti na kuacha ndevu ziote.

Digna hakuinuka. Siku moja kabla ya kufa alimvuta mdogo wake Oliva karibu, akamwambia neno ambalo wauguzi walidhani ni la kuweweseka. "Usisahau wembe wa mzee. Uache ufuate mkono, usiukandamize."

Oliva aliahidi. Shida ni kwamba wembe ulikuwa mfukoni, na mzee alilala na koti tangu siku ya mazishi. Wanawake tulihangaika. Desturi yetu ni kwamba siku ya kuondoa matanga wafiwa hunyolewa, na Fulgensi alikwishatangaza kwamba kichwa chake hakitaguswa na wembe wowote ila ule. "Digna mwenyewe aliupenda," alisema, nasi tukainamisha macho. Oliva alijaribu kumwomba koti alifue. Alikataa. Mimi nilijaribu kumwambia kisanduku kinahitaji kufutwa vumbi. Aliniangalia kama mwizi.

Kwa hiyo siku ilifika na wembe ni butu. Watu walijaa uani, kila mfiwa na wembe wake mpya kwenye karatasi, kama tulivyofundishwa. Aliyepewa kazi ya kunyoa ni Sebastiani, mtani wa ukoo, mtu ambaye kinywa chake hakijui msiba. Fulgensi aliketi kwenye kigoda. Kabla ya yote alifungua kisanduku mbele ya umati, akasukuma kishikio, kla-kla, kla-kla, muda mrefu. Sijapata kusikia sauti ya upweke kama ile.

Sebastiani alimlowanisha kichwa kwa maji ya sabuni, akaanza. Wembe ulikwama. Akavuta, nywele zikang'oka. Mzee alikaza meno. Akajaribu upande wa pili, na damu ikatiririka nyuma ya sikio.

"Mtani," alisema Sebastiani kwa sauti ya kusikika mpaka barabara ya Mlimba, "wembe gani huu, unachimba viazi? Naona mkeo kaondoka na makali yake!"

Ulikuwa ni utani tu, na watu walicheka kama inavyotakiwa. Lakini upande wetu wanawake hakuna aliyecheka, na Oliva akaangua kilio.

"Ni kweli," alisema. "Kaondoka nayo."

Fulgensi aligeuka, povu likimshuka shavuni. "Unasema nini, shemeji?"

"Dada ndiye aliyekuwa anaunoa. Kila Jumamosi, kisimani, kwenye jiwe la mundu. Huo haujawahi kujinoa, shemeji. Nisamehe. Aliniachia kazi nikashindwa kuifanya."

Mzee alitutazama sisi wanawake mmoja mmoja. Nadhani alitafuta hata mmoja wa kukanusha. Mimi niliangalia vidole vya miguu yangu. Nilitegemea atatukana, au atatutimua, na haki yake ingekuwa hiyo, maana umati mzima ulijua kwa dakika moja kitu ambacho yeye hakukijua ndani ya ndoa nzima.

Hakutukana. Alifunga mfuniko, akaweka kisanduku mapajani. "Mtani," alisema, "nipe wembe wa dukani umalizie." Sebastiani, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alinyoa kimya.

Baada ya hapo kla-kla haikusikika tena, na mimi, niliyeilaani miaka yote, nikaanza kuchelewa kuamka. Ndevu za mzee zilikua. Mlango wa jiko ulianguka, akauinua mwenyewe na kuutia bawaba. Asubuhi alionekana na ndoo. Wanaume walimcheka, kisha wakaacha, maana kumcheka mtu asiyejibu ni kazi.

Jumamosi moja nilifika kisimani nikamkuta amepiga magoti mbele ya lile jiwe jeusi. Vidole viwili vilikuwa vimefungwa vitambaa. Aliinua uso.

"Serafina, wewe ulimwona. Alikuwa anausukuma kuelekea wapi, mbele au nyuma?"

"Mbele, makali yakitangulia. Halafu anaugeuza. Alisema uuache ufuate mkono, usiukandamize."

"Alisema hivyo?"

"Alimwambia Oliva. Hospitalini."

Alilitemea jiwe mate, akajaribu. Alikosea, nikamwambia. Akajaribu tena. Nilikuwa nimekwenda kuchota ndoo moja nikakaa mpaka jua likawa kali, na sote wawili tulilia bila kuoneana haya.

Mpunga ulipokwisha kuvunwa Makoye alipita kwa mzee, akiwa na rafiki yake aliyetoka Shinyanga na kusikia habari za maajabu ya Mchombe. Nilikuwa pale napepeta mchele. Fulgensi aliwapa maji kwanza. Kidevu chake kilikuwa cheupe, kimenyolewa vizuri, isipokuwa mkato mmoja chini ya mdomo.

"Shikamoo mzee," alisema Makoye. "Mtolee mgeni wangu kile kisanduku, naye ahangaike kama sisi."

Mzee alikitoa, akakiweka mezani. Hakuuliza, wala hakudai mji.

"Ni wembe wa mke wangu," alisema.

Makoye alishangaa, kisha akajipiga paja kwa kicheko. "Mzee bwana! Kwani huku kwenu wanawake wana ndevu?"

Fulgensi naye alicheka kidogo. Akakichukua kisanduku, akakifuta kwa pindo la khanga kuukuu iliyokuwa kwenye kiti, akaenda kukiweka ndani.