Mkoba Wenye Kwikwi

Kwap! Lorene hajausahau mlio huo wa mkoba wa shangazi yake, mfuatilia nasaba ya ukoo wao, tangu Ujerumani hadi mashamba yao ya Nebraska. Vidole vya shangazi vilinuka siki ya saladi ya viazi, na kila mtu alipotia chumvi habari za wahenga, yeye aliufungua mkoba na kuufunga, kwap, huku akitabasamu pembeni mwa mdomo.

Jumapili ya mkutano wa ukoo, baba alimnyooshea Lorene uma wenye soseji. "Najua trekta unaliweza, mwanangu. Lakini shamba atarithi binamu yako. Wewe utaolewa, na jina la Brinkmeier lifutike? Jina lililotoka kwa baba hadi mwana tangu kale!"

Kwap.

"Dada, huo mkoba wako una kwikwi?" baba aliuliza.

Lorene alikodolea macho sahani yake. Shangazi alijifuta haradali, kidole kimoja baada ya kingine, kisha akamwinamia kaka yake.

"Zamani kule Ujerumani, kaka, mwanamume alipohamia shambani kwa mke, alichukua jina la shamba," alinong'ona. "Babu yetu wa kale aliingia shambani akiitwa Pott. Brinkmeier alikuwa bibi."