Mama Pini na Lundo la Mikono ya Kushoto

Mtaa mzima ulijua kwamba Mama Pini hashoni peke yake. Asubuhi akifungua chumba chake cha cherehani, kabla hata hajatua mkoba, husema, "Bwana, tumefika." Tumefika, si nimefika. Akitunga uzi anamweleza Mungu habari za magoti yake. Akipiga pasi anamweleza bei ya mkaa. Na pini zikimjaa mdomoni anaendelea vilevile, mm-mm-mm, asielewe mtu. "Yeye anaelewa hata ya pini," husema, na jina likamganda.

Wifi yake, aliyeuza vifungo kwenye kona ya chumba hichohicho, alikuwa na ulimi mkali kuliko mkasi. "Wifi, na huyo Bwana anapata nafasi ya kujibu saa ngapi?"

"Uza vifungo vyako," Mama Pini hujibu, na siku zikaenda.

Ndipo kwaya ya kanisa lao ikamletea kazi ya majoho mapya, ya kuvaliwa Jumapili ya kuwekwa wakfu jengo la kanisa. Kitambaa kilikuwa cha zambarau, upande mmoja unang'aa, wa pili umefifia. Wanakwaya walijibana kukinunua, na dukani hakikubaki hata cha kufutia miwani.

Siku ya kukata mikono ya majoho, wifi alikuwa ametoka, na Mama Pini akaitumia nafasi hiyo kumshtaki kwa Mungu. Mashtaka yalinoga. Fundi yeyote anajua kwamba mikono hukatwa vitambaa vikiwa vimekabiliana, uso kwa uso, upatikane wa kulia na wa kushoto. Yeye akavilaza vyote upande unaong'aa ukiwa juu, akachora kwa chaki, akakata, na mashtaka yanaendelea.

Alipomjaribishia wifi joho la kwanza, mkono wa kushoto ulikaa vizuri. Wa kulia ukamvuta bega kwenda nyuma.

"Wifi, hili joho la kwaya au la mahabusu?"

Mama Pini akakimbilia lundo mezani, akainua mkono mmoja, akainua mwingine. Wa kushoto. Wa kushoto. Lundo zima lilikuwa la kushoto.

"Na Bwana alikuwa wapi ulipokuwa unakata?" wifi akauliza.

Alikusudia mzaha tu, lakini swali lilimchoma Mama Pini mpaka kwenye mfupa. Miaka yote ametamba kwamba wanashona wawili. Aibu ya Jumapili angeweza kuimeza. Alichoogopa ni kwamba pengine siku zote hizo alikuwa anaongea na ukuta.

Akanuna. Kesho yake aliingia bila kusema tumefika. Chumba kikawa kimya mpaka wifi akaingiwa na hofu, akamletea chai bila kuombwa, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mama Pini hakuigusa. Alikaa na mkono mmoja wa joho mapajani, akiugeuzageuza, na kwa kuwa alikuwa hasemi, akaona alichokishika. Mkono wa kushoto, ukiugeuza ndani nje, ni wa kulia! Utafifia tu. Jambo hilo alilijua tangu alipojifunza kazi.

"Muujiza!" wifi akashangilia alipoonyeshwa.

"Muujiza gani? Ni mimi kufunga mdomo."

Jumamosi mwalimu wa kwaya akaja kuchukua majoho. Akainua moja dirishani, akakunja uso. "Mkono mmoja unang'aa, mmoja umefifia. Ndio mtindo?"

Wifi akamkonyeza Mama Pini: sema ndio. Naye alitamani, Mungu anajua. Lakini akatoa pini mdomoni, akasema, "Si mtindo, Mwalimu. Nilikata vibaya. Mnisamehe."

Mwalimu akalitazama tena joho. Kisha akaanza kutabasamu. "Wale wa besi wamenizeesha, mama. Nikisema inueni mkono wa kulia, kila mtu anainua autakao. Sasa nitawaambia, inueni uliofifia."

Jumapili kwaya ikainua mikono iliyofifia, yote pamoja, ikapendeza sana. Isipokuwa baba mmoja wa besi, aliyeinua unaong'aa, juu kabisa, uso umemjaa furaha. Kanisa likaangua kicheko, na Mama Pini akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Walipokuwa wakirudi nyumbani wifi akauliza tena, safari hii bila mzaha. "Kwani siku ile alikuwa wapi?"

"Palepale. Nadhani alikuwa ananiambia, kabilisha vitambaa, mama. Hakupata nafasi. Tulikuwa tunakusengenya wewe."

"Mlikuwa?"

"Haya, nilikuwa. Yeye hakuchangia."

Jumatatu Mama Pini akafungua mlango. "Bwana, tumefika." Akatandaza kitambaa, uso kwa uso, akavuta kiti.

"Leo anza wewe," akasema. Kisha akatia pini mdomoni, akanyamaza.