Mama Futi na Mierezi Iliyohama

Kazini walimwita Mama Futi, kwa kuwa futi kamba haikumtoka shingoni hata akienda kunywa chai. Kwa miaka ishirini na minne kazi yake ilikuwa moja: kupanda mlimani na kupima unene wa mierezi ileile, mia tatu na kumi na miwili, kila mmoja ukiwa na kibati cha namba usawa wa kifua. Mumewe, fundi cherehani, alipenda kumtania kwamba wote wawili wanakula kwa kupima viuno, ila wateja wa mkewe hawarudi kulalamika.

Zamani alikuwa akifika msituni saa tatu asubuhi sketi imeloa chapachapa kwa ukungu. Kisha ukungu ukaanza kuchelewa, halafu ukawa unapita juu kwa juu bila kugusa miti. Mierezi iliyokuwa ikinenepa kila mwaka ikadumaa. Kwenye safu ya mwisho ya daftari, ile ya maoni, alikuwa akiandika: "Ukungu hakuna." Daftari likapelekwa ofisini, likawekwa kabatini, basi.

Mwaka mmoja upepo mkali uliangusha miti mingi. Magogo yakalala pale misimu miwili, yakakauka, wadudu wakayatoboa na kuhamia kwenye miti iliyosimama. Moto ulipokuja ulikuta kuni tayari, ukawaka siku kumi na moja.

Ulipozimika, Mama Futi alirudi na daftari lake. Mierezi arobaini na mmoja tu ndiyo ilikuwa hai. Kwa kila mmoja kati ya ile iliyoteketea aliandika "amekufa." Karani alimrekebisha kwa kalamu nyekundu: mti haufi kama mtu, huandikwa "umekufa." Mama Futi aliitazama ile nyekundu, akaliacha neno lake kama lilivyokuwa.

Bwana misitu alikuwa mgeni kituoni, kijana mwenye adabu na haraka nyingi. Akaagiza miche elfu mbili ya mierezi ipandwe palepale palipoungua. Mama Futi alimwambia haitashika, ardhi ile haipati tena unyevu.

"Mama, msitu ulikuwa hapa," alisema bwana misitu. "Utarudi hapahapa."

Mama Futi alivaa buti, akapanda miche pamoja na wenzake mpaka mgongo ukakataa. Kiangazi cha pili kilipopita, miche yote ilikuwa vijiti, na vichaka vya miiba ambavyo zamani viliishia chini kwenye mashamba vilikuwa vimetapakaa kotekote. Bwana misitu alizunguka akivunja kijiti kimoja kimoja. Mama Futi angeweza kumwambia "si nilikwambia," na ulimi ulimwasha kweli, lakini alimwonea huruma. Akamwomba amfuate.

Walipanda saa mbili nzima, Mama Futi akishikilia goti lake bovu, mpaka juu ya majabali, mahali ambapo, alipoanza kazi, baridi ilikuwa ikiua kila kinachoota. Katikati ya nyasi ilikuwepo mierezi midogo, imejiotea yenyewe, mingine haijafika hata magotini. Alikuwa ameiona mwaka uliotangulia, akawa anaipimia kwenye kifundo cha mguu kwa kuwa kifua haikuwa nacho bado.

Bwana misitu alipiga magoti, akagusa mmoja kwa kidole.

"Kwa hiyo inahama," alisema. "Na ikifika kileleni?"

"Hapo ndipo huwa nakosa usingizi, mwanangu," alijibu Mama Futi. "Juu ya kilele hakuna mlima mwingine."

Waliporudi, bwana misitu alifungua kabati na kusoma madaftari yote ya zamani, kuanzia safu ya maoni. Baada ya miezi mitatu sehemu ya juu iliandikishwa rasmi kuwa msitu, ikazungushiwa uzio wa kuzuia mbuzi na barabara ya kukinga moto. Ofisi ilitaka sasa eneo lililoungua lifutwe kwenye orodha. Mama Futi, ambaye hakuwahi kusema neno mkutanoni, alisimama. Alisema mierezi arobaini na mmoja bado inapumua, na vile vichaka, vibaya hivyo hivyo, ndivyo vinavyozuia udongo usiporomoke mtoni. Navyo vipimwe. Wakakubali.

Wiki yake ya mwisho kabla ya kustaafu aliipima yote arobaini na mmoja, siku tatu badala ya moja, kwa sababu ya goti. Arobaini ilikuwa vilevile. Mmoja, wenye ubavu mweusi kwa moto, ulikuwa umeongezeka milimita mbili. Hakuamini, akaifungua futi na kuizungusha upya. Milimita mbili. Akaandika, akafunga daftari, akashuka taratibu kuwahi chakula cha mchana.