Msanidi Programu Aliyeomba Baraza

Juzi, katika ofisi moja hapa Bukavu, nilimsikia mkurugenzi akimhoji kwa ajili ya kazi dada anayetengeneza programu za kompyuta kwa kampuni ya Ulaya kupitia mtandao. Watu wawili walioshika kazi hiyo kabla yake walichukuliwa na kampuni za Ulaya.

"Dada, hii ni kontra, mukataba wa miezi sita tu. Kule Ulaya banakulipa muzuri. Unabaacha juu ya nini?"

Dada akashika ukingo wa meza. "Papa, miaka ine natumika kazi peke yangu mu chumba, kule mutaa wa Cimpunda. Hakuna mutu mwenye ananiulizaka kama nimeamuka muzuri."

"Lakini hatuna nafasi. Utatumikia kazi kwako, ku nyumba."

Dada akawatazama makarani wakitaniana. "Hata kiti ku baraza, hapa inje ya mulango, Papa?"

Mkurugenzi akainuka kumtafutia kiti.

Tangu hapo, jirani yangu wa ofisini akiniuliza nimeamkaje, simjibu tena kwa neno moja; ninamjibu kwa urefu.