Garimoshi la Uani kwa Mzee Hashimu

Winfrida ndiye aliyeanza kusema kwamba mzee Hashimu anapika gongo.

Alilileta neno hilo asubuhi, ameinama juu ya ungo wa jirani yake Tulia akijifanya anamsaidia kuchagua mchele, sauti ameishusha. Mabomba ya shaba yamo mle uani, alisema. Mtungi wa shaba umo. Kila Jumamosi mvuke unatoka pale utadhani kuna msiba unapikiwa. Spiriti ananunua chupa baada ya chupa, na ni Mwislamu gani huyo anayenuka spiriti mikononi? Halafu akafika pale alipopaona pazito kuliko pote.

"Bomba analo mlangoni, Mama Ambwene. Lakini anakinga maji ya mvua, anayachuja kwa kitambaa cheupe, anayafunika. Mtu mwenye akili zake, Tukuyu hii, anakinga maji ya mvua ya nini kama si ya kupikia kitu?"

Tulia alikuwa anamnyonyesha mwanawe Ambwene. Aliitazama mikono ya Winfrida ikichezea mchele wake, mikono ambayo kila siku ikifika saa nne inakoroga kimpumu kwenye pipa kule Bulyaga na kukiuza kwa vikombe mpaka jua linazama. Alipomuuliza, kwa upole wake ule ule, kama kimpumu si pombe, Winfrida alicheka. Kimpumu ni chakula, alisema, hata wazee wa kanisa wanakijua. Gongo ni sumu. Akaondoka na kitunguu cha Tulia mkononi, bila kuomba.

Ukweli Tulia aliujua. Aliujua tangu masika, na hilo ndilo lililokuja kumuuma baadaye.

Mzee Hashimu Zubery alikuwa fundi bati. Kama una jiko la mkaa, karai au koroboi katika mitaa ile ya juu ya soko, basi limepita mikononi mwake. Babu yake alikuja kutoka Kilwa na mzigo wa nguo, akaoa, akabaki. Baba yake akaikimbia baridi ya huku, akaenda Tabora kuwa mchochea moto wa garimoshi, enzi zile treni zinakula kuni na kunywa maji, akarudi amekonda, ana kikohozi na hadithi moja tu ya kusimulia mpaka kufa kwake. Hashimu mwenyewe alichochea boila ya kiwanda cha chai miaka ishirini na miwili. Walipoleta mashine inayojiendesha, wakampa cheti na fulana. Cheti alikitundika ukutani. Fulana aliikatakata ikawa matambara ya kufutia mafuta.

Mkewe Biubwa alipofariki, akaanza kutengeneza garimoshi. Si la kuning'iniza dukani. Lilikuwa refu kama mkono wa mtu mzima kutoka begani mpaka ncha za vidole, magurudumu sita ya chuma, boila ya shaba aliyoikunja mwenyewe, na springi ya vali ya usalama aliitoa kwenye kalamu ya wino. Reli alizikata kwenye ile mikanda ya chuma ya kufungia mizigo, akaisimamisha kwa ubavu juu ya vipande vya mti, ikauzunguka ua wote, ikapita nyuma ya choo na chini ya kamba ya nguo. Ilimchukua miaka mitatu. Kwanza alijaribu kulilisha makaa ya mawe ya Kiwira aliyoyapondaponda kama karanga, yakaziba mabomba kwa masizi, akayatupa kwa matusi na kuhamia kwenye spiriti.

Kwa matusi, ndiyo, maana hakuwa mzee mpole. Alikuwa na hasira za karibu. Alilisema lile garimoshi kama mtu anavyomsema mkwewe mvivu: we mshenzi, we mla bure, leo unakwenda au huendi? Tulia alikuwa akimsikia kila Jumamosi asijue anamgombeza nani. Mpaka siku moja Ambwene analia kwa ajili ya meno, mara akanyamaza, kageuza shingo kwenye uzio wa matete. Upande wa pili kuna kitu kilikuwa kinapumua. Tulia akaweka jicho kwenye tundu.

"Kama unatazama, tazama sawasawa," sauti ikamjia. "Usichungulie kama mwizi wa kuku."

Tangu siku hiyo mzee akawa anamsomesha kupitia uzio, kwa ukali, kama mwalimu wa darasa la nne. Kwanza reli. Unalaza chupa ya maji juu yake utazame povu limekaa wapi, maana reli ikiinama maji ya ndani ya boila yanakimbilia upande mmoja na shaba inabaki uchi. Kisha mafuta: ya cherehani kwenye viungo, tone moja moja, na yale mazito kwenye silinda. Kisha maji ya mvua, kwa sababu ya bomba yanaacha magamba ndani kama birika la zamani. Unajaza mpaka robo tatu ya kioo cha kupimia maji, usijaze mpaka juu, mvuke nao unataka pa kukaa. Ndipo spiriti, ndipo tambi, ndipo kiberiti. Unangoja. Mvuke ukianza unalisukuma kwa mkono liteme maji yaliyotuama kwenye silinda, ndipo unafungua polepole. Na neno moja alilirudia kila Jumamosi, akimtaka Tulia alitamke: kukiwa na moto, maji yaonekane kwenye kioo. Maji yakiisha, zima moto kwanza, mengine baadaye.

Tulia alimaliza la saba akashika jembe, kisha akashika mtoto. Hakuna aliyemfundisha kitu tangu hapo. Alikuwa akiyarudia yale maneno anapoosha vyombo.

Basi umbea wa Winfrida ukatembea, ukafika kwa mjumbe wa nyumba kumi. Na mjumbe alikuwa baba mkwe wake Tulia.

Wasichana wengi wa rika lake wameshaacha mila ya kumkimbia baba mkwe. Wanasalimiana na baba wakwe zao, wanakula nao meza moja. Kwa mama mkwe wake Tulia haikuwa hivyo. Siku aliyoingia kwenye ukoo ule aliambiwa: baba mkwe humtazami, husimami mbele yake, jina lake hulitaji, na ukimwona njiani unaingia kwenye migomba mpaka apite. Mumewe Emmanuel, aliyekuwa akifanya kazi mgodini na kurudi mwisho wa mwezi, alimwambia ni mambo ya wazee, wavumilie tu. Tulia alivumilia. Miaka mitatu alikuwa anaingia kwenye migomba.

Jumamosi ile walikuja watatu: mjumbe na mgambo wawili, na Winfrida nyuma yao amejifunga kitenge kifuani kama mtu aendaye kwenye ngoma. Tulia alikuwa kwenye tundu lake. Garimoshi lilikuwa limekaa kwenye reli, moto unawaka chini ya boila, mvuke ndio kwanza unaanza kunong'ona. Aliposikia sauti ya baba mkwe, mwili ulifanya wenyewe kile kilichozoea: akavuta kitenge kichwani, akachuchumaa, akatazama chini.

Lakini masikio hayachuchumai. Alimsikia mzee Hashimu akiwaambia ni garimoshi, baba yangu aliendesha kubwa, mimi naendesha dogo, tazameni magurudumu. Alisikia mgambo mmoja akicheka kwamba treni gani inanuka spiriti. Alimsikia baba mkwe, na Kiswahili chake kizito cha Kinyakyusa, akisema, "Gwe Hashimu, hata mtu wa gongo huwa ana maneno mengi fijo." Kisha akaamuru kile chombo kifunguliwe, kinachochemka ndani kimwagwe, kinuswe.

"Msimwage maji," mzee Hashimu alisema. "Zimeni moto kwanza. Moto kwanza."

Walidhani anaikinga pombe yake. Mmoja akamshika mikono kwa nyuma, mwingine akafungua koki, na maji safi ya mvua yakamwagika yote chini, yanatoa mvuke, hayanuki kitu. Wakainama kuyanusa, wakatazamana. Winfrida akasema labda bado haijaiva. Na wakati wote huo moto ulikuwa unaendelea kuilamba shaba iliyo tupu.

Tulia alilijua lile kosa kama anavyojua jina la mtoto wake. Maneno yalikuwa mdomoni. Ni mwanamke mmoja tu kusimama, kichwa kionekane juu ya matete, aseme ni treni, baba, nimeiona ikitembea, zimeni huo moto. Hakusimama. Alimbana Ambwene kifuani mpaka mtoto akaguna.

Risasi ya kulehemu ikayeyuka ikadondoka. Bomba la kwanza likaachia, la pili likafuata. Mzee Hashimu akajing'oa mikononi mwa mgambo, akaudaka mtungi wa spiriti kwa mikono mitupu autoe, spiriti ikamwagika, mikono ikashika moto. Aliipiga mikono kwenye majani mabichi mpaka ikazimika, kisha akawatukana, wote wanne, kwa matusi ambayo Tulia hakuwahi kuyasikia hata siku ya makaa ya Kiwira. Baba mkwe akasema gongo hawakuiona, lakini mitambo wameiona, na mitambo ina mwenyewe. Wakakutane Jumamosi inayofuata, uani kwake yeye mjumbe, mbele ya wazee wa mtaa. Mwenye nyumba aliyopanga mzee Hashimu, aliyekuwa Mbeya, alishapigiwa simu: wazee wakisema ni mpika gongo, mpangaji ahame kabla ya mwezi kwisha.

Wiki ile hasira ilimkaa Tulia kama homa. Alikasirika na Winfrida, aliyerudi siku ya pili kuomba moto wa kuwashia jiko na kusema masikini mzee wa watu, kumbe mkorofi hivi. Safari hii Tulia hakumpa. Alimwambia akaombe kwa mgambo, na Winfrida akaondoka na kijinga chake kilichozimika. Alikasirika na baba mkwe, kimya kimya, kwa jina lake kamili, jina ambalo hakuwahi kulitamka hata moyoni. Lakini usingizi uliokatika ulikatwa na jambo jingine. Kila alipofumba macho alijiona amechuchumaa.

Alhamisi mzee Hashimu akaja. Hakuja kwenye uzio, alipita mlango wa mbele. Mikono yote miwili imefungwa bandeji za hospitali ya Igogwe, vidole vimejaa kama ndizi mbivu, na kwapani amebana garimoshi ndani ya gunia. Tulia alimwamkia shikamoo kwa goti, akamwekea kigoda. Hakukalia.

"Ulikuwepo," alisema.

"Nilikuwepo, baba."

"Nilikuona kitenge chako kwenye matete. Nikasema huyu anajua, huyu atasema. Mimi sauti yangu hawaitaki, wameshaamua. Ya kwako wangeisikia. Ukajifunika."

"Yule ni mkwe wangu, baba."

"Najua ni mkweo. Ningetaka kumfuata mjinga ningemfuata Winfrida."

Tulia aliona machozi yanakuja, akayakatalia, kwa sababu yalikuwa ya hasira na hakutaka yadhaniwe ya huruma. Akamwambia yote kwa mkupuo. Kwamba ameona risasi inadondoka tone kwa tone. Kwamba alijua la kusema na mahali pa kulisemea. Kwamba hakuna siku aliyojichukia kama ile, na akimwona Winfrida anatamani kumfunika na karai. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho bila kumpoza, na Tulia akashukuru kwamba hakumpoza.

Kisha akaliteremsha gunia mezani kwa viwiko. Amri wa Kiwira, fundi wa kuchomelea, alikuwa ameiunga tena boila usiku na mchana, safari hii kwa fimbo za shaba nyeupe, na aliijaza maji wakaipima, haivuji. Garimoshi lilikuwa na weusi upande mmoja kama kovu la moto. Lakini lilikuwa zima.

"Wazee hawataki maneno," alisema. "Nimewajua miaka sitini. Watataka waone linatembea, basi. Na mimi hii hapa." Akainua bandeji. "Tambi siwezi kushika. Tone la mafuta siwezi kupima. Kiberiti sikiwezi. Amri ni mtu wa kuchomelea, garimoshi hajui linaanzia wapi linaishia wapi. Hapa Tukuyu nzima tunaojua tuko wawili."

Ambwene alikuwa ameshajivuta mpaka mezani, anagonga gurudumu kwa kidole. Lilizunguka. Mzee alimwacha.

"Sema," akamwambia Tulia, kwa ile sauti ya uzioni. "Unaanza na nini?"

"Reli. Chupa ya maji juu ya reli."

"Kisha?"

Akayataja yote, moja baada ya jingine, hata lile la moto na maji. Mzee Hashimu akatikisa kichwa kukubali, mara moja tu. Hakumsifu. Alimtazama usoni moja kwa moja, macho bado yana ghadhabu ya Jumamosi, na aliposema tena alisema polepole, kama mtu anayejua uzito wa kile anachoomba na hataki kukipunguza.

"Keshokutwa saa nne, uani kwa mkweo Ambilikile. Hapana migomba pale, utapita mlango wa mbele wakuone. Reli na maji atabeba Amri. Nakuomba, mwanangu, uliwashe wewe, mbele yake, na mwenyewe useme kwa kinywa chako nani aliyeamuru maji yamwagwe moto ukiwa unawaka."